Nani Anakunywa Maji ya Bwawa Letu?

Ukisema kwenu ni Tunduma, mtu wa kwanza atakuuliza habari za malori, na wa pili atataka kujua bei za vitu ng'ambo ya pili, Nakonde. Hapa chuoni sijawahi kukutana na mtu aliyeniuliza habari za samaki. Siwalaumu. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inamalizikia pale kwetu kabla ya kuingia Zambia, na foleni ya malori ndiyo sura ya mji. Lakini ukirudi nyuma kama unaelekea Vwawa, ukaingia ndani kidogo ukitokea Mpemba, utakuta kaya zilizochimba mabwawa ya perege. Bwawa mojawapo ni letu.

Mzee alilichimba mwaka juzi kwa hela ya kahawa. Lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na upande wa bomba la kutolea maji kina chake ni mita moja na ushee. Ndani mna perege kama 600. Hesabu ya mzee ilikuwa rahisi: wavunwe Desemba, wauzwe kuelekea sikukuu, hela ilipe ada yangu ya muhula wa pili. Mkopo wangu si wa asilimia mia, na bumu mnajua wenyewe linavyoyeyuka. Kwa hiyo nikisema bwawa lilikuwa linapungua maji, msilichukulie kama pambo la bustani ya mtu mwenye nafasi zake. Ni ada yangu iliyokuwa inapungua.

Nilifika nyumbani Jumanne moja ya mwezi wa nane, usiku. Alfajiri nikaenda kuangalia. Alama ya matope kwenye kingo ilionyesha maji yalikokuwa wakati wa masika, na maji yenyewe yalikuwa chini ya alama ile kwa karibu nusu mita. Perege walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Hiyo ni dalili mbaya. Usiku mimea ya majini haitengenezi hewa, inatumia tu, na maji yakiwa machache huku samaki ni walewale, kunakucha wakiwa wanagombea kilichobaki.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Babu alisema ni jua. Mzee alisema ni jirani. Shangazi, aliyekuja kutoka mjini Tunduma ambako maji wananunua kwa dumu, alisema tuache kelele, sisi tunalia kwa maji ya kufugia samaki wakati wenzetu hawana ya kuoga. Bi mkubwa alinyamaza, akaendelea kuchambua maharage.

Babu si wa kupuuzwa. Kwetu mvua zinaanza Novemba na kuisha Aprili, baada ya hapo mbingu inafungwa kabisa. Agosti kuna upepo mkavu unaopasua midomo. Na yeye alikulia bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina hata mto mmoja unaotoka. Momba unaingia, Songwe unaingia, na mingine, lakini hakuna unaotoka. Maji yote yale yanaondoka kwa njia ya juu, yanapandishwa na jua. (Kwa faida ya wasiojua: mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja ndio huo wa Rukwa, mwingine ni ule unaotugawa na Malawi na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Mkoa wetu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 ukapewa jina la Songwe, na mpaka leo watu wanabishana kuhusu mto gani.) Basi babu akaniuliza, "Jua linakunywa Rukwa nzima, litashindwaje kunywa kashimo ka baba yako?" Sikuwa na jibu.

Mzee yeye alikuwa na mtu. Chini ya tuta la bwawa, kama hatua thelathini, kuna bustani ya jirani yetu, mama mjane anayelima mchicha na figiri, anauza sokoni Mpemba. Agosti kila kitu kimekauka, majani yamekuwa kama karatasi, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta cha kula, lakini bustani ya yule mama ni kijani kibichi. Mzee aliwahi kumwona na kipande cha mpira wa maji. Kwake ushahidi ulitosha: usiku mama anatumbukiza mpira bwawani, maji yanateremka yenyewe mpaka kwenye matuta yake, asubuhi anaukunja. Alishamweleza mwenyekiti wa kitongoji, na kikao kilipangwa Jumamosi.

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko nilivyoshtushwa na samaki. Sisi sote pale tunategemea mfereji mmoja, tunapeana zamu. Zamu yetu ni Jumatatu na Ijumaa. Mtu akishaitwa mwizi wa maji mbele ya kikao, hilo jina halimtoki, na kumnyima zamu inakuwa rahisi. Mjane asiye na mtoto mkubwa wa kiume wa kumsemea, ndiyo kabisa. Na huyu ndiye aliyelala kwetu wiki nzima bibi alipofariki.

Mimi nasoma uhasibu. Sijasomea samaki wala ujenzi wa mabwawa. Ila darasani tumefundishwa kwamba hela ikipungua kwenye sanduku, hukamati mtu kwanza. Kwanza unatenganisha matumizi yanayojulikana na upungufu usio na maelezo. Ukishaujua ukubwa wa upungufu, na unatokea saa ngapi, ndipo unaanza kuuliza nani. Bwawa ni sanduku. Linapokea maji ya mfereji na ya mvua. Linatoa kwa jua, kwa udongo, na kwa tundu kama lipo. Mvua hakuna, mfereji naweza kuuziba mpaka zamu ya Ijumaa. Yamebaki mambo mawili, jua na mengineyo, na kuyatenganisha kunahitaji ndoo.

Njia yenyewe ni hii, na yeyote mwenye bwawa, tangi lililo wazi au karo anaweza kuifanya. Chukua ndoo ya lita 20 isiyovuja. Isimamishe ndani ya bwawa, sehemu ya kina kifupi, uweke mawe ndani isielee, mdomo wake ubaki juu ya maji. Jaza maji ya bwawa mpaka yalingane na maji ya nje. Ndani ya ndoo piga alama kwa maka peni usawa wa maji. Kwa nje, kwenye kigingi kilichochomekwa bwawani, funga rula. Halafu subiri. Jua na upepo vinapiga ndoo na bwawa sawasawa, kwa hiyo ndoo inapoteza kile tu ambacho jua limechukua. Bwawa likipungua kuliko ndoo, tofauti ile imepita chini au pembeni. Mzee aliuliza kwa nini nisiiweke ndoo nchi kavu, niache kuingia kwenye maji ya baridi. Kwa sababu ndoo iliyokaa peke yake juani inapata joto haraka kuliko bwawa, ingepoteza maji mengi zaidi, na mwishowe tungemsingizia jua.

Shida ilikuwa viwimbi. Huwezi kusoma milimita kwenye maji yanayocheza. Nikakata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, nikaivisha kwenye rula kama shati, maji yakatulia ndani yake. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, akawa karani. Tulianza Jumatano saa 12 asubuhi, na tukakubaliana kusoma mara mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Kusoma mara mbili ndiko kulikoamua kesi. Tungesoma mara moja kwa siku tungejua kiasi tu. Mchana wa kwanza bwawa lilishuka milimita 17, ndoo ikashuka 5. Usiku bwawa likashuka 14, ndoo ikashuka 1. Siku ya pili namba zilikuwa zilezile, zikitofautiana kwa nusu milimita ambayo hata macho yanaweza kukudanganya.

Sasa piga hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 10 lina eneo la mita za mraba 200. Milimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni lita 200, yaani madumu kumi. Kwa siku bwawa linashuka milimita 31, madumu 310. Jua linachukua 6, madumu 60. Babu alikuwa na haki yake: madumu 60 si kitu kidogo, mama zetu wangeyabeba kichwani tungeyaheshimu. Ila madumu 250 yalikuwa yanaondoka na mtu mwingine.

Huyo mwingine hakuwa mtu. Toa ya ndoo kwenye ya bwawa: mchana 12, usiku 13. Sawasawa. Mwizi mwenye mpira wa usiku angeacha pengo la usiku peke yake, mchana bwawa na ndoo vingeshuka pamoja. Hapa palikuwa na kitu kinachotoa maji muda wote, kwa mwendo uleule, hakilali, hakiogopi kuonekana.

Nilimweleza mzee Alhamisi jioni, tumekaa nje, daftari la mdogo wangu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Labda anachukua na mchana."

"Samahani baba. Kiasi kilekile, mchana na usiku, siku mbili? Mwizi gani huyo anafuata ratiba?"

Akacheka kidogo, bila kupenda. Bi mkubwa ndiye aliyemaliza: "Madumu mia mbili na hamsini kila siku kwenye matuta manne ya mchicha? Si ungeoza."

Kweli. Madumu 250 kwa siku ni dumu moja kila dakika sita kasoro. Ukilisikia hivyo unaona jinsi lilivyo jambo dogo na kubwa kwa wakati mmoja. Ni kijito chembamba, kama bomba la bafuni kwetu hosteli ambalo halifungi vizuri na sote tunapita tukiliangalia. Hatuko peke yetu. Taarifa za EWURA zimekuwa zikionyesha kwamba katika mamlaka za maji za nchi hii takribani theluthi ya maji yanayozalishwa haifiki kwenye bili: yanavuja, yanaunganishwa kinyemela, au mita hazisomi vizuri. Vitu vitatu tofauti, lakini mtaani tunavijumlisha vyote kuwa "wizi".

Ijumaa alfajiri, kabla ya kufungulia mfereji, tulianza kutafuta. Kwa maji ya bwawa, ambayo ni ya kijani huoni hata mkono wako, kuangalia ndani ni kazi bure. Unaangalia nje. Tulivua viatu, tukatembea chini ya tuta, mimi, mzee na mdogo wangu, hatua kwa hatua. Baridi ya kule asubuhi ya Agosti inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini mguu mtupu unajua udongo wenye maji kabla ya jicho. Upande wa mashariki pakavu. Kwenye milingoti ya mpakani, ambayo mimi niliishuku kwa sababu mizizi yake ina sifa mbaya, pakavu. Kuna matundu mawili ya fuko, makavu. Tukafika pale bomba la kutolea maji linapochomoza kwenye tuta. Mdogo wangu akasema, "Hapa pananata."

Bomba lenyewe, la plastiki la inchi nne, lilikuwa limezibwa barabara, mdomoni hapatoki hata tone. Maji yalikuwa yanatoka pembeni ya bomba, chini yake, polepole, kwenye majani marefu yaliyokuwa yameficha kila kitu. Majani ya kijani mwezi wa nane. Tulikuwa tunayaona kila siku. Kutoka pale unyevu ulikuwa unateremka chini kwa chini mpaka kwenye bustani ya jirani.

Sababu yake ni ya kawaida sana kwenye mabwawa ya udongo. Fundi anajenga tuta, analaza bomba, anafukia. Juu ya bomba udongo unashindiliwa, lakini pembeni na chini yake, kwenye ule uvungu, mchi haufiki, na udongo wenyewe haushikani na plastiki inayoteleza. Maji yanapata uchochoro. Mwanzoni ni unyevu, kisha yanaanza kubeba chembe za udongo, uchochoro unapanuka. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alishaonyesha mwaka 1856, kwa majaribio ya mchanga aliyofanya Dijon, kwamba mwendo wa maji kupenya ardhini unategemea tofauti ya kimo cha maji, umbali yanaopita, na aina ya udongo wenyewe. Na bomba wanaliweka sehemu ya kina kirefu kuliko zote, ambako msukumo ni mkubwa. Tulipokuja kuchimba tulikuta kibaya zaidi: aliyefukia alitumia kifusi chenye kokoto. Kidole gumba kiliingia.

Saa nne mzee alivaa shati la kwenda nalo kwa watu, akaenda kwa mwenyekiti. Aliporudi alisema kikao kimeahirishwa. Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza.

Kurekebisha kulichukua siku tano, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa kuhangaika na samaki. Huwezi kufukua bomba huku bwawa lina maji juu yake. Faida ya kuzaliwa Tunduma ni kwamba turubai chakavu la lori halikosekani. Tulichimba shimo pembeni, tukatandika turubai, tukajaza maji ya mfereji, tukavua perege kwa wavu na kuwahamisha. Watoto wa jirani, wa huyo huyo mama, ndio waliokaa zamu kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa. Walikufa 23. Tulikula baadhi, wengine tukapeleka kwa watu.

Tulikata tuta mpaka kwenye bomba. Tukatoa kifusi chote. Kisha tukaweka kola mbili za zege, yaani bamba la mraba linalozunguka bomba, lenye upana wa kama sentimita 60, moja katikati ya tuta na nyingine karibu na upande wa maji. Kazi yake ni kukata ule uchochoro: maji yakifuata bomba yanagonga ukuta, yanalazimika kuzunguka ndani ya udongo mgumu, safari inakuwa ndefu. Nusu mfuko wa saruji ulitosha, na zege lilikuwa linakaza kwa siku tatu wakati sisi tunatafuta udongo.

Udongo ndio moyo wa kazi. Baba mdogo, aliyeoa Kamsamba kwenye mpunga, alituambia tutafute wa kichuguu. Tuliupima kwa njia za mikono. Unaulowesha, unaufinyanga donge, unalirusha juu na kulidaka. Likipasuka, mchanga umezidi. Unausokota kama mkia wa panya. Ukikatika mapema, urudishe ulikoutoa. Wa kichuguu ulisokoteka mpaka ukakunjika pete. Tukaukanyaga kama udongo wa tofali, tukaurudisha kuzunguka bomba tabaka kwa tabaka, kila tabaka nusu shubiri au zaidi kidogo, likilowanishwa bila kuwa uji, likishindiliwa kwa gogo mpaka kisigino hakiachi alama. Chini ya bomba tulisukumia kwa ncha ya mti. Hapo mzee alikataa kumwachia mtu, alilala kifudifudi mwenyewe.

Baba mdogo alisema kule kwao ndicho wanachofanya kila msimu kwenye majaruba, kuchavanga: unavuruga udongo na maji mpaka chembe laini zinatuama chini na kuziba matundu, ndipo maji yanakaa juu ya shamba. Nimesoma kwamba Waingereza walijenga mifereji yao ya meli kwa akili hiyohiyo. James Brindley, mhandisi wa mfereji wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761, alikuwa anatandika udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji, na mafundi wa mifereji wakati mwingine walipitisha ng'ombe waukanyage. Sisi ng'ombe tuliwapitisha pia sakafuni mwa bwawa, wanne, nusu siku. Samadi waliyoacha hatukuitoa. Nayo inasaidia kuziba, na perege wanapenda kinachoota juu yake.

Kuna watakaouliza kwa nini hatukutandika karatasi ya nailoni bwawa zima, tumalize. Bei. Pia tundu lilikuwa moja na tulishalijua. Kutandika nailoni mita za mraba 200 kwa ajili ya tundu la kidole gumba ni kama kuhama nyumba kwa sababu ya kitasa.

Zamu mbili za mfereji na msaada wa watu wawili waliotuachia zamu zao zilijaza bwawa kiasi cha kurudisha samaki. Tukasimamisha ndoo tena. Siku ya kwanza bwawa 11, kwa sababu udongo mpya unakunywa kwanza. Wiki iliyofuata: bwawa 8, ndoo 6. Madumu 20 kwa siku yanapenya, na kwa bwawa la udongo hiyo ni haki ya ardhi.

Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya kama siku kumi nilikutana na jirani kwenye njia ya mfereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti umenifungia maji?"

Aliuliza kwa upole, wala hakuwa anatania. Nikageuka kuangalia bustani yake. Figiri zilikuwa zimeanza kuwa njano pembezoni. Ule mpira wake, kumbe, alikuwa anautumia kuvutia maji ya zamu yake mwenyewe, na sehemu ya chini ya bustani hakuwahi kuimwagilia. Aliikuta ina unyevu mwaka jana, akadhani Mungu kamfungulia chemchemi, akaongeza matuta mawili na kukopa hela ya mbegu. Hakuiba chochote. Alilima mahali penye maji, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Nimefikiria sana swali lake na bado sijalimaliza. Mzee anasema maji yake yalikuwa yanapotea, ameyazuia, basi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, mtu anapewa haki ya kutumia tu. Na mfereji ni wa wote. Kwa upande mwingine, huwezi kumwambia mtu aache bwawa lake livuje kwa sababu jirani kazoea. Nilivyoona mimi ni kwamba hatukuwa na deni kwake kwa tundu, tulikuwa na deni kwake kwa kikao. Wiki mbili jina lake lilikuwa linatembea kijijini, na sidhani kama hakuambiwa.

Mzee hakumwomba radhi, angalau si kwa maneno niliyoyasikia. Wazee wetu mnawajua. Jioni moja alichukua perege wakubwa sita, akateremka mwenyewe, akakaa kule mpaka giza likaingia. Kesho yake akaniambia tununue koki ya kufunga kwenye mdomo wa bomba. Bwawa la samaki linahitaji kubadilishiwa maji kidogo kila wiki, na maji yanayotoka yana mbolea ya bure. Wamekubaliana kila Ijumaa, mfereji ukiwa kwetu, koki ifunguliwe mpaka rula ishuke sentimita moja. Madumu 100, yapite kwenye matuta yake. Ni machache kuliko aliyokuwa anapata, na yeye amesema hivyo wazi, mbele ya mzee. Matuta mawili ya chini ameyaacha mpaka mvua za Novemba. Mkopo wa mbegu bado anaulipa.

Mdogo wangu anaendelea na daftari. Kila Jumapili ananipigia na kunisomea namba, ananitoza vocha kwa huduma hiyo. Jumapili iliyopita: bwawa 9, ndoo 6. Milimita moja zaidi. Nimemwambia akaangalie matundu ya kaa upande wa milingoti, avue viatu.